Senene Ndani ya Kibuyu

"Nani huyo anaimba ndani?"

Nasambu hakuinua kichwa. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga akisonga ugali, na hakuhitaji kutazama ili ajue ni nani aliyeziba mwanga mlangoni. Katika maskwota wote waliokaa na kufanya kazi kwenye shamba lile la mzungu huko Kitale, Wakhungu nyapara ndiye peke yake aliyevaa buti. Zilikuwa buti kuukuu za Bwana mwenye shamba, tena zilimpwaya, kwa hiyo alizishindilia maganda ya mahindi, na kila alipotembea zilichakarisha kama panya ghalani.

"Hakuna mtu anayeimba, shemeji," Nasambu akasema. "Ni kadudu tu."

"Kadudu gani?"

Angemjibu kwamba ni nyenje, na mambo yangeishia hapo. Lakini mume wake, Wabwile, alikuwa amelala kwenye ngozi upande wa pili wa moto, na tangu nyonga yake ivunjike hakuna mtu aliyekuja kumpigia hodi.

"Ingia bana, Wakhungu!" aliita, akijiinua kwa kiwiko. "Si unamsikia? Senene! Senene wa bondeni kabisa, kama wale wa kwetu kule chini ya Lugulu. Keti." Akamgeukia mkewe. "Mama Wekoye, mpe mtu kiti."

Nasambu aliukandamiza mwiko hadi sufuria ikainama.

Wakhungu hakuketi. Alinyoosha mkono akatungua kibuyu kidogo kilichoning'inia kwenye fito, akachomoa majani yaliyoziba mdomo wake, akakiinamisha kwenye mwanga wa moto. Wimbo ukakatika papo hapo.

"Kichwa kimechongoka kama mwiba," alisema polepole, kama mtu anayesoma. "Kijani. Mstari mweupe ubavuni. Mkiani hana upanga, kwa hivyo ni dume." Akacheka kidogo. "Wabwile, ni wewe ulinifunza hii."

"Ni mimi! Wewe ulikuwa unakula hata wale wa kahawia wa shambani, hadi ukatapika njia nzima." Wabwile alicheka, kisha maumivu yakamkata kicheko katikati.

Nasambu aliona macho ya Wakhungu yakitoka kwenye kibuyu yakienda kwenye ungo uliokuwa ukutani. Senene wengine walikuwa pale, wamenyonyolewa mbawa na miguu, wamekaangwa kwa chumvi. Kisha macho yale yakaja kwake, yakakaa.

"Nitamwazima," Wakhungu alisema, akikiingiza kibuyu ndani ya koti. "Kesho jioni nitamrudisha. Mbele ya Bwana."

Buti zikachakarisha, zikaishia.

"Mbele ya Bwana?" Wabwile akauliza. "Sasa Bwana anataka senene ya nini?"

"Wewe mwanamume," Nasambu alisema, "heri ungevunjika mdomo, nyonga ikapona."

Siku iliyotangulia, Dezi alikuwa amekufa.

Dezi alikuwa ng'ombe wa kizungu, mwekundu mwenye mabaka meupe, na hakuna kiumbe katika shamba lile kilichotunzwa kama yeye. Bwana mwenyewe, ambaye maskwota walimwita Kofiambili kwa sababu alivaa kofia mbili za sufu, moja juu ya nyingine, hata siku za mawingu, alikuwa akimpelekea Dezi chumvi kwa mkono wake. Wabwile ndiye aliyemkamua. Mwezi wa tisa Dezi alimpiga teke, akamtupa kwenye nguzo ya boma, na nyonga ikavunjika. Kofiambili alikuja mbio. Aliinama, akaushika mguu wa Dezi, akaukagua toka juu hadi kwato asije akawa ameumia. Nasambu alikuwepo. Aliona kwa macho yake jinsi mtu anavyoweza kuruka mtu aliyelala chini ili akamtazame ng'ombe, na tangu siku hiyo kulikuwa na kitu kigumu kimemkaa kifuani, kama punje ya mahindi iliyoingia njia ya pumzi.

Chini ya boma palikuwa na bonde la majani ya maji, limezungushiwa seng'enge. Maskwota walikatazwa kulikanyaga, wao na mifugo yao. Ng'ombe wa Bwana waliingizwa humo baada ya kukamuliwa asubuhi, wakatolewa mapema alasiri. Kabla jua halijazama walikuwa wamekwisha kufungiwa ndani ya boma kwa mnyororo na kufuli, na ufunguo ulilala katika mfuko wa Kofiambili. Bonde lilikuwa na geti la pili huko chini, lililotazama matope ya mto Nzoia. Geti hilo halikutakiwa kufunguliwa kamwe. Basi siku ile lilikutwa wazi. Dezi alitoka kwa hilo, akazama matopeni, akavunja mguu akipigania kutoka, na Kofiambili akampiga risasi yeye mwenyewe. Watu walimwona akipanda kurudi nyumbani na kofia zote mbili mkononi.

"Mtu nafungua geti," alisema jioni hiyo, "yeye nakwenda. Yeye, na bibi, na nyumba."

Ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Mahindi ya Nasambu, kile kipande cha shamba walichopewa kama maskwota, yalikuwa yamekauka nusu. Huko kwao Bungoma, ndugu za Wabwile walikuwa wakililima shamba lake kwa miaka mingi hata wakasahau kwamba ni lake. Kufukuzwa sasa kulikuwa kufukuzwa na tumbo tupu.

Na bondeni alikuwa ameingia. Hilo Nasambu hakujidanganya.

Aliingia kwa sababu Wabwile alikuwa ameacha kula. Ugali ulimrudi, maziwa yalimrudi. Kitu kimoja tu ndicho alichokuwa akikitaja, tena kwa aibu kama mwanamke mwenye mimba. Senene. Basi asubuhi ya siku aliyokufa Dezi, kabla jua halijatoka, Nasambu alilala kifudifudi akapita chini ya seng'enge, na waya ukamchana mgongo kama makucha.

Kila mtu wa kwao alijua namna ya kuwapata. Wale wa shambani, wa kahawia, wenye uso butu, waliishi kwenye mabua makavu na walikuwa wachungu. Hao ni wa kuku. Wale wenyewe, wenye kichwa kilichochongoka na pembe nyembamba kama unywele, ndefu kuliko mwili mzima, walikaa kwenye majani yenye miguu ndani ya maji. Alfajiri baridi huwagandisha. Hujishika kwenye bua, kichwa chini, kimya, na rangi yao ni ile ile ya jani. Humtafuti mdudu, unatafuta jani lililonenepa kuliko wenzake. Ukishaliona la kwanza unaona mia, na unawachuma kama maharagwe. Nasambu alichuma hadi vidole vikafa ganzi. Dume mmoja alimwacha mzima, akamtia kibuyuni, ili jioni amwimbie mtu wake.

Alipoinua mgongo kuondoka aliliona geti la chini. Lilikuwa wazi.

Alisimama akilitazama. Kutoka pale alipokuwa hadi getini palikuwa peupe, majani yamelishwa mafupi, na jua lilikuwa linaanza kugusa bati la boma. Angevuka, angeonekana. Si geti langu, akajiambia, wala si bonde langu. Akarudi kwa njia ya waya.

"Ati wamekamata nani?" Sellah aliuliza kesho yake, walipokuwa wakivunja mahindi ya Bwana mstari kwa mstari. Sellah alikuwa jirani yake, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kufukuza ndege. "Kadudu? Kamefungwa pingu? Si wakapeleke korti ya Kitale basi, wakatafutie wakili!"

"Sellah, si mchezo."

"Najua si mchezo. Ndiyo maana ninacheka, nisije nikatukana." Alivunja hindi, akalitupa kwenye rundo. "Sikiliza, Mama Wekoye. Wewe sema ni wa shambani. Mimi nitasema ni wa shambani. Wote tutasema. Kofiambili hali wadudu, atajua nini?"

"Wakhungu anajua."

Sellah alivunja hindi jingine, akalitupa kwa nguvu.

"Hicho ndicho kinaniuma," Nasambu akasema. "Mzungu angenikamata kwa kuona nyayo zangu, sawa. Lakini huyu ananikamata kwa kitu tulichokula pamoja sufuria moja. Angekuwa amezaliwa Nakuru angepita pale mlangoni asisikie chochote."

"Na Wakhungu akishindwa na huyo mdudu?"

"Geti litatafuta mtu mwingine. Hata wewe."

"Mimi sipiti kwa waya," Sellah akasema, akijipiga kiuno. "Waya ndio utakatika."

Ndipo Nasambu akacheka, mara ya kwanza tangu jana, na kicheko kilimtoka kama kikohozi.

Jioni watu waliitwa mbele ya stoo. Kofiambili aliketi kwenye kiti cha turubai, mbwa wake chini ya kiti. Wakhungu alikuwa amepindua debe, akakiweka kibuyu juu yake kwa heshima. Ni yeye aliyeomba kesi isikilizwe saa hiyo, jua likienda kuzama. Alitaka shahidi wake aseme mwenyewe. Alikuwa amepiga buti rangi.

"Haya," Kofiambili akasema. "Nani nafungua geti?"

"Bwana, shahidi iko ndani ya kibuyu."

Watu wachache walicheka. Kofiambili hakucheka, na wale wakaacha.

Wakhungu alieleza. Alieleza vizuri, hilo Nasambu hakuweza kumnyima. Alitaja kichwa, rangi, mstari wa ubavuni. Alisema kuna senene namna mbili, mmoja ni wa shambani na mwingine ni wa majani ya maji, na huyo wa majani ya maji hutamwona popote pengine hata uwashe taa. Na katika shamba hili lote majani ya maji yako wapi? Bondeni tu. Na mdudu huyu ametoka kwa nyumba ya nani? Akanyoosha kidole.

"Bwana, huyo ni dudu ya shamba!" Sellah alipaza sauti kutoka nyuma. "Hata kwangu iko!"

"Ndiyo Bwana, ya shamba," sauti nyingine ikaitikia, kisha nyingine. "Mingi sana. Hata kwa mahindi iko."

Wakhungu alitabasamu. Aliwaacha wamalize. "Sawa," alisema. "Wa shamba anaimba namna yake, anakata-kata, tsi, tsi, tsi, kama mtu anafagia. Wa bonde hakati. Ngojeni aimbe."

Wakangoja. Watu wazima, waliochoka na kazi ya kutwa, wamechuchumaa mavumbini, wakingoja mdudu. Kofiambili aliwasha kiko. Mbwa alijikuna. Mahali fulani mtoto alilia, akanyamazishwa. Jua lilishika ukingo wa Mlima Elgon, likazama nyuma yake, na kivuli kikashuka juu ya stoo, juu ya debe, juu ya mikono ya Nasambu iliyokuwa imeshikana magotini. Alikuwa akiomba kitu ambacho hajawahi kukiomba maishani, kwamba kile kiumbe alichokibeba kwa upendo kiwe kimekufa.

Kibuyu kikakwaruza. Mara moja. Mara ya pili, kama mtu anayejaribu wembe kwenye ngozi. Kisha sauti ikatoka, nyembamba, kali, ndefu, kama mafuta yaliyomiminwa kwenye kikaango cha moto, na haikukatika. Iliendelea tu. Haikuvuta pumzi.

Vichwa vyote viliinama. Hakuna aliyebaki asiyejua.

"Nyamaza, mjinga wewe," Sellah alinong'ona.

"Bwana nasikia?" Wakhungu alisema. "Hakati! Sasa, nani namtoa bonde? Mama huyu. Kwa nini nafungua geti? Kwa sababu Dezi napiga bwana yake teke. Nataka lipa kisasi."

Nasambu alikuwa na uongo wake tayari. Alikuwa ameupika usiku kucha. Senene wanaruka, kila mtu anajua. Mvua ikikatika huruka kwa makundi, hufuata moto, huingia majumbani. Huyu aliingia mwenyewe, Bwana, na wenzake. Ulikuwa uongo mzuri, na zaidi ya hayo, Kofiambili alikuwa ameanza kuchoka. Mkono wake ulikuwa gotini, kama mtu anayetaka kuinuka. Bwana hupenda mambo ya geti, hapendi mambo ya wadudu. Nasambu alifungua mdomo.

Lakini Wakhungu aliuona ule mkono gotini, akaogopa kupoteza kesi yake.

"Kama Bwana hapana amini, Bwana aende sikia mwenyewe!" alisema haraka. "Pale kwa geti ya chini, jua ikizama, wanaimba elfu na elfu. Sauti kama mvua! Hata ng'ombe wanaogopa, wanakataa kunywa maji!"

Nasambu alifunga mdomo.

Alitazama kushoto, akatazama kulia. Watu walikuwa wanatazama ardhi. Hakujua kama hawakusikia, au walisikia wakaogopa. Ndani ya kifua chake ile punje ngumu ilisogea. Uongo wake ulikuwa bado mdomoni, mtamu, umeiva, na ungeweza kumwokoa. Lakini kulisema lile neno jingine kulikuwa na bei moja tu. Ilikuwa lazima autupe uongo huo na aseme alikuwa wapi. Alimtazama Wakhungu, ambaye alikuwa anafuta jasho kwa kiganja, akimtazama Bwana kama mtoto anayengoja sifa. Aliona buti. Aliona rangi ya buti.

"Ng'ombe gani?" akasema.

"Nini?"

Nasambu alisimama. "Ng'ombe gani hao wanakataa maji jua ikizama? Ng'ombe ya Bwana iko ndani ya boma saa hiyo. Ufunguo iko kwa mfuko ya Bwana. Sasa ni ng'ombe ya nani uliona ikiogopa senene?"

Maganda ya mahindi yalichakarisha ndani ya buti. Kibuyu kiliendelea kuimba.

"Mimi nasema... ng'ombe tu," Wakhungu akajibu. "Ng'ombe yoyote. Ni maneno ya kusema tu."

"Si ya kusema tu. Umesema kama mtu ameona." Alimgeukia Kofiambili. "Bwana, mimi niliingia bonde. Ndiyo. Tazama." Akaishusha leso begani, akaugeuza mgongo, na watu wakaiona mistari mitatu ya damu kavu. "Niliingia kwa waya, asubuhi, kwa sababu mume yangu hakuli. Asubuhi hawaimbi. Wako na baridi, wako kimya kama mawe. Mimi nawajua kwa macho. Vile wanaimba kule kwa geti ya chini mwaka huu sijui, maana jioni sijafika. Huyu amefika. Huyu amesimama kule jua ikizama na ng'ombe mbele yake. Muulize hizo ng'ombe zinaingilia wapi. Muulize nani alisahau kufunga."

Kofiambili alivua kofia moja, ile ya juu, akaiweka gotini. Hakuna mtu aliyewahi kumwona amevaa kofia moja tu.

"Wakungu," alisema. "Ngombe gani?"

Kila skwota pale alijua ni ng'ombe gani. Walijua kwamba Wakhungu alikuwa na wengi kuliko alioruhusiwa, kwamba aliwaficha ng'ambo ya Nzoia kwa wakwe zake, na kwamba kiangazi cha mwezi ule kilikuwa kimewamalizia nyasi. Hakuna aliyesema. Hata sasa hawakusema. Lakini walimtazama, wote pamoja, na Wakhungu aliyahisi yale macho, kwa maana mabega yake yalishuka taratibu, na akasema kwa sauti ambayo mbwa tu ndiye aliyeinua masikio kuisikia:

"Yangu, Bwana. Kidogo tu."

Mtu mmoja alipiga makofi mara moja, akaacha. Nasambu alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Wepesi ule haukudumu.

"Wewe naleta mbili kwa boma yangu," Kofiambili alimwambia Wakhungu. "Mzuri. Mimi nachagua. Kesho." Kisha akamgeukia Nasambu. "Na wewe. Asubuhi wewe iko bonde. Geti iko wazi?"

Angeweza kusema hakuliona. Lakini uongo alikuwa amekwisha kuutupa, na hakuinama kuuokota.

"Iko wazi."

"Wewe naona?"

"Niliona."

"Kwa nini hapana funga?"

"Ningefunga, Bwana ungesema mimi ndiye nilifungua."

Kofiambili alimtazama kwa muda. Pengine alielewa, kwa sababu masikio yake yaliiva. Alirudisha kofia juu ya kofia. "Jumamosi," alisema, "mimi hapana taka ona wewe hapa. Wewe na bwana yako."

"Na mahindi yetu?"

"Mahindi iko shamba yangu."

"Na yeye?" Nasambu alimnyooshea Wakhungu kidole. "Yeye aliua Dezi!"

"Yeye nalipa," Kofiambili akasema, akaondoka, na mbwa akamfuata.

Mdudu hakuwa amenyamaza hata mara moja.

"Si ungenyamaza tu?" Wabwile alisema nyumbani. Alikuwa amesimuliwa yote na Sellah. "Ungesema waliruka. Wanaruka! Hata mimi ningeapa."

"Ningesema."

"Sasa tumepata nini? Yeye amebaki, sisi tunaenda."

"Najua, baba Wekoye. Mimi ndiye nilikuwa pale."

"Kisha Wakhungu ni rika langu." Wabwile alitazama juu kwenye fito, mahali palipokuwa na kibuyu. "Tulipakwa matope ya mto mmoja, asubuhi moja. Tulisimama bega kwa bega mbele ya kisu cha tohara. Mtu kama huyo humfanyii hivyo."

Nasambu alikuwa akifunga sufuria kwenye leso. Aliacha. "Nani hamfanyii nani?" alisema polepole. "Alipokuja hapa kumchukua yule mdudu, uliyaona hayo matope? Nenda basi, tambaa, ukamuulize kama bado anayo. Muulize yako kwa buti ya kushoto au ya kulia." Akavuta fundo kwa nguvu hadi leso ikalia. "Ulitaka nidanganye niokoke, na yeye akae pale anang'aa, akingoja mwingine. Nilikuwa na huo uongo hapa, kwa ulimi. Sikuweza. Si kwa sababu ni dhambi. Nilikuwa na hasira."

Wabwile aliuvuta ungo, akaanza kula senene waliobaki, mmoja mmoja, akitafuna bila haraka. Alikula wote. Nasambu alimtazama akila na hakujua kama alitaka kumkumbatia au kumpiga na mwiko.

Ijumaa alikwenda kwenye mahindi yake. Akavunja yale yaliyokauka, kiasi alichoweza kubeba, na yaliyobaki akayaacha yamesimama. Sellah alikuja akasimama kando yake.

"Hayatalala hapa," Sellah akasema. "Yakikauka nitakuletea Lugulu, hata kwa kichwa. Kofiambili hawezi kulinda mahindi na kuomboleza ng'ombe kwa wakati mmoja."

"Utafukuzwa."

"Nikifukuzwa nitajua nyumba ya kwenda."

Jumamosi alfajiri, Nasambu alipofungua mlango, alikuta kibuyu kizingitini. Majani ya mdomoni yalikuwa mabichi, yamekatwa upya, na yalikuwa majani ya maji. Wakhungu alikuwa amesema atarudisha, na alirudisha. Nasambu alikitazama kile kibuyu muda mrefu kabla ya kukiokota.

Mume wa Sellah aliwaazima gari la ng'ombe hadi Ndalu. Kutoka huko wangetafuta njia nyingine ya kufika Lugulu, kwenye hospitali ya misheni, labda mtu wa dawa aitazame nyonga ya Wabwile kabla ndugu zake hawajamtazama yeye. Walimlaza juu ya magunia, sufuria miguuni pake, kuku wawili wamefungwa pembeni. Nasambu alitembea nyuma.

Kwenye geti kubwa, Wakhungu alikuwa amesimama. Kufungua geti asubuhi ilikuwa kazi yake. Aliondoa kizuizi, akalisukuma geti, akalishikilia kwa mgongo gari lipite. Hakuwa amelala, ilionekana.

"Wabwile," alisema.

"Wakhungu," Wabwile akajibu kutoka juu ya magunia, akitazama mawingu.

Gari likapita. Nasambu alipofika sambamba naye, Wakhungu alikohoa. "Shemeji. Salimia watu wa nyumbani."

Nasambu alisimama. Maneno yalimjaa mdomoni, mengi, ya usiku kucha, yenye ncha, na alipotaka kuchagua moja hakuona hata moja lililomtosha. Alikiinua kile kibuyu. Akachomoa majani. Akakilaza juu ya nguzo ya geti, karibu na sikio la Wakhungu, mdomo wake ukitazama ndani ya shamba.

Kwanza zikatoka zile pembe nyembamba, zikipapasa hewa. Kisha kichwa, kama mwiba. Senene akapanda taratibu kwenye mbao, amekakamaa kwa baridi, akajishika kichwa chini, kijani kwenye mti mkavu wa kijivu, mahali ambapo mtu yeyote angemwona.

Wakhungu alimtazama. Mkono wake ulinyanyuka kidogo, ukasita, ukarudi kwenye geti.

Mdudu hakuimba. Ilikuwa bado asubuhi.